Tromboni Mbele ya Baba

Masikio ya baba yalianza kumwacha polepole, nasi nyumbani tukachelewa kugundua. Tulidhani amekuwa mkali tu. Ukimuuliza kama atakunywa chai anakujibu habari za ng'ombe. Ukirudia kwa nguvu, anataka kujua kwa nini unampigia kelele. Baadaye aliacha kwenda harusini, akisema siku hizi watu wanaongea bila kufungua midomo. Hakutaka hata kusikia daktari wa masikio akitajwa. "Mimi si mgonjwa," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hivyo nilipomwomba anisindikize kwenye muziki, sikuwa na mpango wowote kuhusu masikio yake. Kulikuwa na bendi niliyoipenda, ya vijana wanaojisimamia wenyewe, iliyokuwa ikizunguka mijini: Jumamosi alasiri Ruiru, kesho yake Thika. Mimi naishi Ngoingwa, huko Thika, yeye Gitothua, pale Ruiru, na mama alikuwa ameenda kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Sikutaka mzee akae peke yake wikendi nzima.

"Kuna watu wa tarumbeta," nilimwambia sikioni.

Ujanani alipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti.

Walicheza kwenye bustani ya mkahawa mmoja pale Ruiru. Wimbo ulikuwa ukianza kama benga, gitaa likikimbia, halafu katikati unatulia na kuwa rege, na kabla hujazoea, tarumbeta, saksafoni na tromboni zinauchukua na kuupeleka kwenye jazi. Watu walisimama wakacheza. Baba alikaa akitazama mikono yake.

"Unasikiaje?" nilimuuliza.

"Kama kokoto zinamwagwa kwenye mabati," alisema. Nilijuta kumleta.

Muda si mrefu stima ikapotea. Spika zikanyamaza, gitaa likabaki likilia kama nzi ndani ya chupa. Jenereta ilivutwa kamba mara kadhaa ikakataa. Mwimbaji alisema kitu ambacho hata sisi wenye masikio hatukukisikia. Ndipo wale watatu wa kupuliza waliposhuka jukwaani, mpiga ngoma akiwafuata na ngoma moja begani, wakapita katikati ya viti wakiendelea na wimbo. Msichana wa tromboni alifika mwisho wa njia, na mwisho wa njia ulikuwa mbele ya baba.

Baba aliinua kichwa.

"Huyu namsikia," alisema, kwa ile sauti yake asiyojua kwamba ni kubwa. Watu wakageuka.

Msichana alimaliza, akashusha tromboni. "Guka, nirudie?" aliuliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

Nilirudia swali hilo sikioni mwa baba. "Arudie," alisema.

Akarudia sehemu ya sauti za chini peke yake, polepole, wenzake wakimsubiri. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa baba vikaanza kubonyeza goti, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeshika tarumbeta. Sikumtazama usoni. Niliona ingekuwa kama kuchungulia.

Stima iliporudi aliniomba twende. Njiani aliuliza kama ule wimbo ulikuwa na maneno.

"Ulikuwa nayo."

"Yanasema nini?"

Nilisimama kando ya barabara nikamwambia kwa sauti kwamba ni mwanamke anayemwita mtu aliyehama, na watu wa boda boda wakageuka kututazama. Baba aliitikia kwa kichwa akaendelea kutembea.

Nililala kwake. Kesho yake baada ya kanisa hakuvua koti. "Si ulisema wanaenda Thika?" aliuliza.

Tukaenda. Thika stima haikupotea, na bendi ilicheza vizuri kuliko jana yake. Kila chombo kilisikika mahali pake. Yaani kilisikika kwangu. Baba alivumilia nyimbo tatu. Yule msichana alimwona kutoka jukwaani, akampungia mkono, naye akamwinulia kofia. Halafu akainuka.

Nilimkuta nje ya lango.

"Leo wako mbali," alisema. "Jana alikuwa hapa." Akaonyesha hatua moja mbele yake. Akarudisha kofia kichwani. "Huyo daktari wa masikio, ofisi yake iko wapi?"

Alipimwa hapo hapo Thika, wiki iliyofuata, akawekewa vifaa vidogo nyuma ya masikio. Hakuvipenda. Alilalamika juu ya kelele za vijiko, kuku, na ndala za mama, ambaye wakati huo alikuwa amerudi. Mhubiri akianza kupaza sauti, baba huvitoa na kuvitia mfukoni. Lakini asubuhi huviweka mwenyewe kabla ya chai, na mama sasa analalamika kwamba hawezi kuongea na dada yangu kwenye simu kwa raha, kwa sababu baba anachangia kutoka chumba kingine.