Hita Niliyomnunulia Madam

Nawasimulia haya yaliyonipata. Mimi ni mfanyakazi wa ndani hapa Al Warqa, huku Uarabuni, na nilikuwa mgeni kabisa madam na familia yake waliposafiri wakaniachia nyumba, mwezi huu wa nane.

Nikiosha bafu lake, nilifungua bomba jekundu, la maji moto. Maji baridi. Nikafungua la buluu, la maji baridi, likaniunguza vidole! Hita imeniharibikia mikononi, watanirudisha Kitale!

Nikampigia simu. "Hita imekufa, madam."

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu sana," nikasema, na hata swichi sikuwa nimeitazama.

Akaguna. "Khalas, basi, nenda na dereva uchague nyingine."

Dukani nilijifanya mjuzi. Nilizigongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji, nikachukua iliyo kubwa kuliko zote. Fundi akaifunga, nikaiwasha, nikawa nalala nikiomba isilipuke.

Jana madam alirudi akitiririka jasho, akaingia bafuni moja kwa moja. Nikasimama mlangoni na taulo, nikingoja shukrani. Badala yake nikasikia ukemi.

"Nani amewasha hita kwenye joto hili?" Alitoka mkono umeiva kwa maji moto. "Tangi la juu ya paa linachemshwa na jua! Kiangazi chote tunazima hita, iliyo humu ndani kwenye ubaridi wa AC, ili ituwekee maji baridi. Ile ya zamani niliizima mwenyewe!"

Kisha akanikazia macho.

"Uliniambia uliijaribu. Uliijaribu vipi?"

Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha bomba jekundu.