Soya Niliyoikaanga

Mume wangu alikuwa seremala, mtoto wa watu wa reli waliotoka Kasai, na majivuno yake yaliingia mlangoni kabla ya randa yake. Vita vilipofunga njia na treni ikaacha kufika Kindu, gundi ya dukani iliisha. Mafundi wengine walirudia misumari. Yeye aliidharau. Alianza kutengeneza gundi ya soya, kama alivyomwona baba yake akifanya: soya mbichi inatwangwa, inachekechwa, inakorogwa na maji baridi, chokaa na maji ya jivu, mpaka inakuwa uji mzito wa manjano. Alipaka mbao nyembamba ubavuni, akazibana pamoja kwa kamba na kabari, na baada ya siku mbili alikuwa na ubao mmoja mpana usioachana hata ukiugonga nyundo. Gundi iliyolala ilinuka nyumba nzima, nami sikuacha kunung'unika.

Kutwanga ilikuwa kazi yangu. Kila mara alinirudia maneno yaleyale kuhusu gundi, aliyoiita kole: "Maman, usipitishe soya kwa moto. Moto inaua kole."

Msimu mmoja shamba letu la Mikelenge lilitupa ndoo moja tu ya soya, maana kwenda kulima kulikuwa hatari. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amevimba miguu. Nikimbonyeza, kidole kiliacha shimo. Muuguzi aliniambia nimpe uji wa soya, na soya yenyewe niichemshe, niianike, niikaange, la sivyo tumbo litamsumbua. Mume wangu akaigawa ndoo: nusu ya mtoto, nusu ya gundi. Kanisa dogo la mtaa wetu lilikuwa limemwagiza meza, likamwahidi mihogo na mafuta ya mawese.

"Meza njo itatulisha," alisema. "Na mutoto pia."

Huenda alisema kweli. Mimi sikuona meza, niliona miguu. Alipotoka niliichemsha soya yote, nikaianika nyuma ya nyumba, nikaikaanga polepole isigeuke rangi, ili hata ile nusu ya gundi niwe naichota kidogo kidogo kwa ajili ya uji. Alipoomba unga wake, nilimpimia kutoka kopo lilelile. Nilijua. Nilijidanganya kwamba itashika kidogo, nikafunga mdomo.

Meza ilifunguka katikati siku ya Jumapili, ibada ikiendelea, mkate na vikombe vikaenda chini. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Nyumbani alikaa akitazama viganja vyake.

"Mikono yangu imeisha," alisema.

Hapo ndipo ningesema. Lakini mtoto alikuwa mgongoni mwangu, analia kwa nguvu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, anadai uji. Nikaenda kumpikia.

Hakushika randa tena. Alikwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati, yeye ambaye hakuwahi kushika sululu, na shimo likamfukia kabla mvua hazijakatika. Watu husema vita vilimuua, nami huitikia kwa kichwa. Najichukia kila ninapofanya hivyo.

Binti yangu sasa ni mwalimu hapahapa Kindu. Mwezi uliopita aliwafundisha wanafunzi wake gundi ya soya, akarudi nyumbani na vipande viwili, kila kimoja mbao mbili zilizounganishwa. Cha kwanza nilishindwa kukiachanisha. Cha pili alikifungua kwa vidole mbele yangu.

"Hii njo ya soya ya kukaanga," alisema. "Maman, nimejua kosa ya papa kwa ile meza ya kanisa. Alikosea unga tu. Mikono yake ilikuwa muzuri."

Alifurahi kweli, kana kwamba amemrudishia baba yake heshima. Ningeweza kumwacha na furaha hiyo. Nilitazama miguu yake, miguu mikavu ya mwanamke mzima ndani ya viatu vya kazini.

"Papa yako hakukosea. Mimi njo nilikaanga soya, yote, na nilijua. Uji yako ilitoka mule."

Alivikusanya vile vipande, akaviweka mezani kimoja kimoja.

"Papa alikufa bila kujua?"

"Bila kujua."