Uso wa Dada Yangu Kwenye Jalada

Ningeweza kusema hapana siku ile. Mhariri alikuwa ametazama picha ya dada yangu kwenye kompyuta, picha niliyoipiga mwenyewe katika mazishi ya mume wake, akaniuliza, "Fundi, hii tunaweza kuiweka mbele?" Nikamjibu kwamba tunaweza.

Nilikuwa mtu mzima, nimepita miaka hamsini, nina wajukuu wawili. Siwezi kusema nilidanganywa.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza majalada ya jarida dogo la filamu lililotoka hapa Kasese. Lilieleza filamu zilizoonyeshwa katika vibanda vya video, zile ambazo mtu mmoja hutafsiri kwa sauti yake juu ya sauti za waigizaji wote, pamoja na filamu chache za kwetu. Kila Jumamosi nilipiga picha za harusi na mazishi kule Bwera. Kwetu mazishi hupigwa picha kama harusi. Jeneza, mjane, wageni waliotoka mbali, kila ukoo unasimama kwa zamu. Baadaye wafiwa huziweka kwenye albamu, na mgeni akija anapewa aitazame huku chai inachemka.

Watu hudhani jalada ni suala la uzuri. Mimi nilijifunza kwa wauzaji wa Kikorongo, pale malori na mabasi yanaposimama. Muuzaji hutundika majarida kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, moja limefunika nusu ya jingine, kwa hiyo kinachoonekana ni sehemu ya juu tu. Macho lazima yakae huko juu, hata kama paji la uso litakatwa. Dereva anatazama kutoka dirishani, injini inaunguruma, mkononi ana hindi la kuchoma. Mtu aliyepigwa picha akiwa mbali, dereva hamwoni. Bunduki inauza, lakini bunduki isiyo na uso nyuma yake inabaki kwenye kamba mpaka jua liipaushe. Nilikuwa na kipimo changu: naweka karatasi sakafuni, narudi nyuma hatua kumi, nageuka. Ikiwa bado naona nani ameumizwa na nani, basi jalada liko tayari.

Mwezi ule kulikuwa na filamu mpya ya kwetu kuhusu mjane. Mwigizaji wake alikuwa msichana mzuri asiyejua kulia. Nilijaribu picha zake zote.

"Huyu amekata vitunguu," mhariri alisema. "Nani atamnunulia huyu soda, sembuse jarida?"

Picha za msiba wa shemeji yangu zilikuwa kwenye kompyuta hiyohiyo, zikingoja kusafishwa. Akazipitisha moja moja, kisha akaiacha moja ikijaza kioo. Dada yangu alikuwa amefungua mdomo, macho yakitazama moja kwa moja kwenye kamera, kwa sababu aliyeishika ni mimi, na katika watu wote wale alikuwa akinitazama mimi.

Nilifanya kazi nzuri, na hilo ndilo linalonichosha hadi leo. Nilimkata kutoka kwa mama mkwe wake aliyemwegemea. Begani kwake kulikuwa na mkono wa kaka mkubwa wa marehemu; nikaufuta, nikajaza pale kitambaa cha nguo kidogo kidogo mpaka usingejua. Nyuma nikaweka moto, na chini kijana mmoja wa filamu ile mpya akiwa na panga lake. Niliweka karatasi sakafuni nikarudi hatua kumi. Sikuwahi kutengeneza jalada zuri kama lile.

Niliwaza kumwambia kabla halijachapishwa. Nilijiambia yuko kwenye matanga, nisimsumbue.

Lilimkuta sokoni Mpondwe, alikorudi kuuza nguo za mitumba hata kabla matanga hayajaisha. Wabebaji mizigo walikuwa wamelibandika kwenye mkokoteni.

"Mama, si ni wewe iko mu gazeti?" mmoja alimwita. "Utulilie kidogo, basi, tuone!"

"Wacha mama," mwenzake akadakia, "huyu analia kwa tiketi!"

Alifunga mzigo wake asubuhi hiyohiyo, na kesho yake akaja kwangu. Hakuketi. Aliliweka jarida mezani, uso wake juu.

"Kaka, huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Watu wa mume wangu wanasema niliigiza filamu siku ya kumzika. Wanasema nilikubaliana na watu wa video kabla hajaingia kaburini."

Nilianza kumweleza habari za wauzaji wa Kikorongo, za msichana asiyejua kulia. Alinyoosha kiganja.

"Sitaki habari za kazi yako. Nenda kwa shemeji zako. Uwaambie ni wewe peke yako, mimi sikujua. Hilo tu. Nisije nikafukuzwa kama mwizi katika nyumba niliyozalia watoto wanne."

Nikamwahidi. Nilikwenda siku tatu baadaye, nikiwa nimevaa koti.

Wazee wa ukoo walikuwa wameketi uani, kahawa imeanikwa juu ya turubai kando yao. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa na jarida mapajani. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti mwenyewe, akauliza habari za nyumbani. Kisha akaonyesha bega la dada yangu kwa kidole.

"Shemeji, mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa nimemshika asianguke. Mkono wangu umeuweka wapi?"

Hapo ndipo ningesema: nimeufuta mimi, naye hakujua. Ni maneno machache, mtoto angeyasema. Lakini wazee wote walinigeukia, na nikaogopa kuonekana mbele yao mtu aliyeuza msiba wa dada yake. Nikasema, "Picha yenyewe aliiona."

Ilikuwa kweli kwamba aliiona. Nilimwonyesha picha zote wiki ya mazishi, achague za albamu. Jalada hakuliona, na hilo sikulisema. Wazee walitazamana. Mmoja akaguna, "Aaa. Kumbe aliiona." Kaka mkubwa alilikunja jarida akaliweka chini ya kiti. Niliwasikia wakielewa nilichotaka waelewe, nikanyamaza, nikanywa chai yao.

Siku ya kumaliza matanga walizungumza juu ya marehemu, mmoja baada ya mwingine. Mjane hakupewa nafasi. Hakuna aliyemfukuza, walikoma tu kumsalimu, na watoto wakawa wanarudi kutoka kwa babu yao wakiwa na njaa. Alivumilia msimu mmoja wa kahawa. Kisha akahamia Bulembia, akapanga chumba, akaanza biashara upya. Mtu alikuwa amemweleza nilichosema uani.

Nilikwenda Bulembia mara nyingi. Mara ya kwanza alinisikiliza hadi mwisho. Nilikiri yote, nikasema niko tayari kurudi kwa wazee na kusema ukweli.

"Wakati nilipokuomba, nilikuwa nahitaji," alisema. "Sasa nenda useme kwa ajili yako."

Nilirudi nikasema. Kaka mkubwa alikuwa ameshafariki. Waliobaki walinisikiliza kama mtu anayesimulia mambo ya nchi nyingine.

Jarida lilikufa simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu. Sasa nina shamba dogo la kahawa na mgongo unaouma. Mwaka jana binti mkubwa wa dada yangu aliolewa. Kwetu mjomba ana nafasi yake siku hiyo: ndiye anayeulizwa kama msichana atoke, na wakwe humletea mbuzi wake. Habari nilizipata kwa mwenye bodaboda, baada ya sherehe. Nafasi yangu aliikalia jirani yao wa Bulembia, mzee mwema, sina neno naye.

Mama yetu alituzaa wawili. Kwa ajili ya jalada la mwezi mmoja nilimpoteza dada yangu, naye bado yu hai, safari ya nusu saa kutoka hapa nilipoketi.