Wikiendi ya Mto wa Mbu

Nyumba ya wageni tuliipata kwenye simu ya mume wangu: vyumba vichache kandokando ya maji pale Mto wa Mbu, jirani na vibanda vya wachora picha na wachonga vinyago. Mimi nilitaka siku mbili tu. Nilale mpaka jua lichomoze, nile ndizi za kuchoma, nimtazame mtu akipaka tembo rangi ya bluu, na nisiulizwe naendeleaje. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka mwezi uliotangulia. Hapa kijijini Tumati, nilikoletwa kufundisha nikaolewa, pole zilikuja kutoka kila nyumba, na zilinichosha kuliko maumivu yenyewe.

Tulipanga vizuri: gari la Karatu, kisha kuuteremka ukuta wa bonde. Gauni langu la njano nilikuwa nimelipiga pasi. Begi lilikaa karibu na mlango tangu Jumatano, nami nikawa nalichungulia kama mtoto na nguo ya sikukuu.

Kilichobaki ni kuaga. Huku mtu hasafiri bila kumuaga mama mkwe, na kuaga kwenyewe ni kukaa, kunywa chai na kusema unakokwenda. Njiani nilimwambia mume wangu, "Sema tunakwenda Karatu, basi." Akaitikia. Lakini yule bwana mbele ya mama yake hawezi kuficha hata pipi. Chai haijapoa, akatoa simu ili amfurahishe.

"Mama, ona. Maji yanapita hapa hapa, chini ya dirisha."

Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili, kisha akairudisha.

"Huyu hawezi kwenda kwenye mto," akasema. "Mwanamke aliyetokwa na mimba havuki maji, wala halali karibu na maji. Mpaka mwaka uishe."

Nikasema sisi ni watu wa kanisani. Akasema na yeye ni wa kanisani. Nikasema daktari ameniruhusu. Akasema daktari haujui mto. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama vikombe. Mimi darasani nawanyamazisha watoto kwa jicho tu, lakini pale jicho hilo halikumtisha mtu. Nilimchukia mama, nikamchukia mwanawe pamoja na simu yake.

Jumamosi, saa ambayo tungekuwa tunashuka kwenye gari, mama alikuja na kibuyu cha maziwa mgando. Mume wangu, kwa aibu, akaenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilimwamkia mama, nikampa kiti. Akalitazama begi pale mlangoni.

"Mimi walinikataza maji mara mbili," akasema. "Mama mkwe wangu. Nilimchukia, huyo!"

"Sasa mbona na wewe, mama, unanifanyia hivyo hivyo?"

"Wa tatu ndiye huyu mume wako." "Kama ni kwa sababu nilikaa mbali na maji, mimi sijui, mwanangu. Sijui kabisa. Lakini nikikuambia nenda, halafu na mwingine akatoka, nitakuja kukaa hapa nikuambie nini?"

Hata hasira, ambayo ndiyo ilikuwa kitu changu pekee mle ndani, ikawa imeniishia. Nikaleta vikombe viwili, akamimina maziwa.