Saa Tatu Ni Kushoto

Watu wa timu yetu wanapokutana, na siku hizi ni kwenye harusi au msiba, historia ya timu huanzia kwenye kicheko. Mmoja hukunja uso na kuuliza kwa sauti nzito, "Saa Mbovu, saa ngapi?" na meza nzima hucheka mpaka vijiko vinaanguka. Wake zetu huomba waelezwe nao wacheke, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye subira ya kueleza, kazi hiyo huachiwa mimi. Nitaeleza na hapa pia, ila nitaanzia mwanzo, kwa sababu kicheko kile hakieleweki mpaka kwanza ieleweke saa.

Chuo chetu kilikuwa Doornfontein, Johannesburg, ghorofa mbili juu ya karakana za mafundi wa makochi, hata madarasa yalinuka gundi. Mwaka mmoja alikuja mhadhiri mgeni kutoka Marekani kufundisha umeme, na pamoja na vitabu vyake akaja na magunia ya helmeti kuukuu na mabega ya plastiki ya kuvaa chini ya jezi. Alitaka timu ya mpira wa kwao. Vijana wenyeji wenye miguu mizuri walikuwa tayari kwenye soka, wenye vifua vipana wakawa kwenye raga. Tuliobaki ni sisi ambao hakuna aliyetuhitaji: Wakongo, Watanzania, Waburundi na Wakenya wachache. Mimi natoka Tanga, na kabla ya hapo sikuwahi kuugusa mpira wenye ncha mbili. Mwaka ulipoisha mhadhiri akarudi kwao. Alituachia helmeti zake, na akatuachia nahodha.

Nahodha alikuwa mtoto wa Dar, mwembamba, mwenye mkono mrefu wa kurusha na ulimi mrefu zaidi ya mkono. Alikuwa na akili, sitamnyima hilo. Yeye ndiye aliyegundua kwamba Kiswahili chetu, ambacho barabarani kilitufanya tuitwe majina tusiyoyapenda, uwanjani kingeweza kuwa silaha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa, usiogope. Pande mbili zinapangana ana kwa ana, pua kwa pua. Mmoja anainama katikati na kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake; huyo nilikuwa mimi. Nahodha anaupokea, kisha ama anaurusha mbele, ama anamtilia mkimbiaji tumboni, naye mkimbiaji anaukumbatia na kukata kona kushoto au kulia. Wengine wote kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili mkimbiaji apate njia. Sasa, ili wote tusukume upande mmoja, lazima nahodha atangaze upande huo kwa sauti kabla mpira haujatoka, na wapinzani wako hapo hapo, umbali wa mkono, wanasikia kila neno.

Nahodha akaulaza uso wa saa juu ya uwanja. Pale juu kabisa, penye kumi na mbili, ndipo mbele. Kushoto ni penye tisa, kulia ni penye tatu. Lakini sisi tuliozaliwa Pwani, au Bujumbura, au Uvira, mshale ukisimama kwenye tisa hatusemi saa tisa. Asubuhi tunaanza kuhesabu jua likitoka: saa moja, saa mbili, na mshale ukifika kwenye tisa ni saa tatu. Kwa hiyo nahodha alipopiga kelele "Saa tatu!" sote tulikwenda kushoto bila kufikiri, kama mtu anavyokwenda kufungua dirisha la nyumbani kwao gizani. "Saa tisa" ilikuwa kulia.

Utamu ulikuwa hapa. Wapinzani wetu wengi walikuwa wasemaji wa Kizulu, na tatu yao na tatu yetu hutamkwa karibu sawa. Walipodaka neno hilo walidhani wametufumania: tatu, kwenye saa, ni kulia. Wakakimbilia kulia, nasi tukapita kushoto tukiwacheka. Tulishinda mechi ambazo hatukustahili.

Kisha akaja yeye, kijana wa mtaa wa Malvern. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa na mbio kuliko mtu yeyote niliyemwona akiwa amevaa helmeti. Baba yake, mtu wa Uvira kule Kongo, alikuwa mlinzi katika maduka makubwa. Mama alikuwa akisuka nywele kando ya Jules Street. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikisikia chote, lakini alijibu kwa Kizulu au Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Aliniambia kwamba wageni wakifika nyumbani, baba yake humwonyesha kwa kidevu na kusema, "Huyu ni mugeni ya nyumba." Wageni hucheka. Yeye huelewa, na huenda kuwaletea soda.

Alijiunga nasi kwa sababu hiyo. Siku moja alipita karibu na uwanja, akasikia watu wazima wakipigana kwa lugha ya baba yake, akasimama. Alitaka kitu kimoja tu, na hakukificha: baba yake aje siku moja amsikie akiitwa kwa Kiswahili, na amwone akienda kule alikoitwa.

Unaona tayari shida itakapotokea. Kichwani mwake saa ilikuwa ile ya shuleni. Katika zoezi lake la kwanza kama mkimbiaji, nahodha aliita saa tatu, sisi wote tukaenda kushoto, na yeye akaenda kulia peke yake, akagonga kifua cha Mrundi mmoja mkubwa aliyekuwa akicheza upande wa pili, akaanguka chali. Mtego tuliowategea wageni ulikuwa umemnasa wa kwetu. Nahodha alimwinamia, akagonga helmeti yake kwa kidole kama fundi anayesikiliza mashine.

"Dogo," akasema, "saa yako mbovu."

Jina likamganda. Walimwita Saa Mbovu kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, kwenye spaza, kile kiduka cha jirani na chuo, ambako hata muuza mikate alijifunza kumuuliza saa ngapi sasa. Akijibu kwa Kiingereza wanacheka. Akijaribu kwa Kiswahili wanacheka zaidi. Nahodha alikuwa na mchezo wake: kijana akikosea, humzungusha uwanja mzima akitaja saa kwa sauti, na kila akipita mbele yetu hupewa saa ya uongo ya kurudia. Kijana alitabasamu. Nilimwona akitabasamu hata mdomo ukiwa na damu.

Niliwahi kumwomba nahodha abadilishe maneno, tuseme kushoto na kulia tu kama watu. Akaniambia kwamba wapinzani wangejifunza kwa wiki moja, na kwamba mtoto asiyejua saa ya mama yake akajiunge na timu ya wajomba zake wa hapa. Kuhusu wapinzani alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kubishana naye.

Basi nikamfundisha. Napenda kufundisha, ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo, na nimejifunza kwamba hakuna mtu mzito wa kuelewa, kuna mlango ambao haujapatikana tu. Mlango wa kijana yule ulikuwa kiganja. Tulikaa kwenye ukuta wa uwanja, nikamchorea saa kwa kalamu katikati ya kiganja chake cha kushoto, nikamwambia asihesabu, asitafsiri. Atazame namba aliyoizoea, kisha avuke ng'ambo. Tatu iangalie tisa. Nne iangalie kumi. Sita iangalie kumi na mbili. Saa yetu na saa yao ni majirani wanaotazamana barabarani. Ukitoka mlango wa mmoja, mbele yako ni mlango wa mwingine.

Alikitazama kiganja. Halafu akacheka, kicheko changa ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akasema, "Eish, kaka. Wanatazamana." Tangu siku ile alifunga ngumi kila nahodha alipoita, kana kwamba ameishika saa, na hakukosea tena. Wiki baada ya wiki hakukosea. Lile jina hawakuliacha. Walikuwa wamelizoea, na kitu kitamu mtu hakiachi kwa sababu tu kimekuwa cha uongo.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa katika uwanja wa Malvern, karibu na kwao. Ilikuwa baridi kavu ya huku, nyasi rangi ya mkate, ardhi ngumu kama sakafu. Baba yake alibadilishana zamu na mwenzake ili aje. Alifika na koti lake la ulinzi, lile zito lenye mistari inayong'aa, kwa kuwa ndilo koti zuri alilokuwa nalo, akasimama kando ya mstari pamoja na mashabiki wetu wachache. Kabla ya kuanza nilimsikia akiwaambia, "Mutoto yangu iko na mbio. Kichwa ndiyo iko ya hapa." Lakini alisema hivyo huku amenyoosha shingo, akimtafuta.

Na kijana alicheza. Nahodha akiita saa tisa, anafunga ngumi na kukata kulia. Akiita saa tatu, kushoto, wapinzani wanakimbilia kulia kama kondoo. Mara moja alifika mpaka mwisho wa uwanja bila kuguswa, na nilipogeuka nikamwona baba yake amevua kofia. Hakuipungia wala kuirusha. Aliishika tu mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Nahodha naye alimwona.

Tulikuwa mbele sana na muda ulikuwa umebaki kidogo. Mechi ilikuwa imekwisha, imebaki kupigwa filimbi. Timu ilikusanyika kupanga mchezo wa mwisho. Mimi, kwa kazi yangu, hutangulia kusimama juu ya mpira, na kijana alikuwa amepiga goti pembeni akifunga kamba ya kiatu. Yaliyosemwa pale niliambiwa baadaye na yule Mrundi, ndani ya teksi, akicheka mpaka anafuta macho. Nahodha alisema, "Hii twende kwa saa ya mzungu. Saa Mbovu asiambiwe." Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilisikia sauti yake nyuma yangu, wazi kabisa: "Saa tatu!"

Nikautoa mpira, nikasukuma kushoto. Hakukuwa na mtu nami. Timu yetu nzima ilikuwa imekwenda kulia, na safari hii wapinzani wawili watatu waliokwisha kujifunza kutokana na maumivu walikuwa wamebaki kushoto. Kijana alifunga ngumi, akapokea mpira, akakata kona kama nilivyomfundisha, akatokea mahali ambapo hapakuwa na mwenzake hata mmoja. Walimpiga wote pamoja. Nilisikia mfupa wa bega ukivunjika. Unasikika kama kijiti kikavu, si zaidi.

Wetu walikuwa wakicheka kabla hajagusa chini.

Nahodha alitembea hadi kwenye mstari, akamsalimia baba wa kijana kwa heshima zote, shikamoo na mkono wa pili juu ya kiwiko. Kisha akamweleza, kwa upole wa daktari, kwamba mtoto bado hajui saa. Wameita tatu, yeye akaenda kwingine. Mzee akatazama nyuso zilizomzunguka. Wote walikuwa wanacheka. Akacheka naye.

Nilipiga kelele kwamba mtoto alikwenda sawa, kwamba waliokosea ni wengine wote. Nahodha akasema mwalimu hawezi kumwangusha mwanafunzi wake, na hilo nalo likachekwa.

Kijana alikuwa ameketi, mkono mmoja umening'inia, helmeti imevuliwa. Alimtazama baba yake, na mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake kwa kadiri ninavyojua, akamjibu kwa Kiswahili.

"Baba, nilienda sawa. Saa tatu iko kushoto."

Kila neno lilikuwa mahali pake. Nahodha akageukia wenzake, akainua nyusi.

"Iko!" akasema. "Mmesikia? Saa *iko* kushoto."

Kwetu Pwani "iko" ya namna hiyo ni kichekesho cha zamani; tunawacheka nacho watu wa bara na Wakongo tangu utotoni. Lakini kijana hakuiokota mitaani. Ndivyo baba yake alivyosema maisha yake yote, ndivyo alivyosema dakika chache kabla, kando ya mstari ule ule. Ilikuwa ni Kiswahili cha baba yake alichokuwa akimrudishia, kisafi, bila kupunguza.

Mzee aliacha kucheka. Kwa muda nilidhani atasema neno. Mdomo ulifunguka. Alitazama lile kundi la vijana wa chuo, na nahodha mwenye Kiswahili cha redioni, kisha akalitazama koti lake.

"Iko," akarudia, akitikisa kichwa, na akacheka kwa nguvu kuliko wote.

Kijana hakulia. Alifungua kiganja chake, akakitazama, akakifuta kwenye nyasi.

Bega lilipona, lakini hakurudi kwenye timu. Sisi tulicheza msimu mmoja zaidi. Helmeti zikapasuka moja baada ya nyingine, chuo kikageuza uwanja kuwa maegesho ya magari, nahodha akahitimu na kurudi Dar, ambako nasikia ni mtu mchangamfu na watu wanampenda. Hiyo ndiyo historia yote ya timu.

Mwaka huu nilimkuta kijana yule mtaa wa Newtown, katika duka la kutengeneza simu. Ana kitambi kidogo, ana ndevu, na bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine. Alinitambua mara moja, akanipokea vizuri, akanitolea kiti. Nilizungumza Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, hakukosa hata moja. Nikamuuliza baba yake hajambo. Akasema mzima, anakuja dukani Jumapili, wanatazama soka, hawaongei sana.

Giza lilikuwa linaanza kuingia nje, nami nilikuwa na safari. Nikamuuliza, bila kufikiri, kama mtu anavyouliza popote, saa ngapi sasa.

Alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kunigeuzia saa yake, nisome mwenyewe.