Kikaango Kwenye Pipa la Jirani

Lisemwe kwanza lile ambalo watu wa ua ule walichelewa kulisema: mkwe hakukiunguza kikaango, wala hakukitupa. Aliyesema kwamba alikitupa alisema asilolijua, na waliomsikiliza wakitikisa vichwa hawana tofauti naye. Haya, sasa tuianze habari inapostahili kuanzia, kwa mwenye kikaango mwenyewe.

Aliitwa Bibi Pasi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu mama yule alipiga pasi kila kitu chenye nyuzi: shuka, pazia, leso, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. "Hata utando wa buibui angeupiga pasi, kama ungetulia," watani wake walisema, naye alicheka pamoja nao. Maisha yake yote ya kazi aliketi katika chumba cha ushonaji cha hospitali, akishona shuka za wodi na magauni ya wagonjwa, na hata alipostaafu cherehani yake haikupata usingizi. Shule za karibu zilimletea sare. Mumewe, aliyekuwa mpanga herufi kiwandani kwa wachapaji, alifariki akamwacha na mtoto mmoja wa kiume ambaye hata meno ya utoto hayajamtoka. Watu wakangoja mama aanguke. Hakuanguka. Yule mtoto alikwenda shule kola imesimama wima, akasoma, akahitimu, na leo ni karani wa mahakama, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, ambaye kazi yake ni kuwaapisha mashahidi kwamba watasema kweli tupu.

Bibi Pasi aliilinda nyumba yake kama mboni ya jicho. "Mambo ya ndani yana mlango," alizoea kusema, "na mlango una komeo." Hakuna aliyewahi kusikia sauti ikipanda kwake, wala aliyeona sufuria yake ikitoka nje na masizi.

Mkwe alipoolewa alikuta cherehani ya pili imefunikwa shuka, inamngoja. Alikuwa binti mpole, mwenye vidole vyepesi, aliyelelewa na baba peke yake kwa kuwa mama yake alifariki akimzaa. Jambo hilo ua mzima ulilijua. Ua wenyewe ulikuwa wa nyumba zilizozungukana, na bomba moja katikati, na hapo bombani kilichomwagika hakikuwa maji peke yake.

Kikaango kilikuwa cha chuma kizito, chenye mpini mrefu, na kilikuwa na sheria yake. Aliyekiunguza ndiye anayekisugua, tena bila kuitwa. Kuunguza hakukuwa kosa katika nyumba ile, maana moto hauna rafiki. Unatia maji, unatupia magadi, unakirudisha jikoni kichemke taratibu mpaka ule ukoko ulegee wenyewe. Kisha unaukwangua kwa mwiko wa mbao, unamalizia kwa chumvi na kitambaa, unakikausha motoni, unakipaka tone la mafuta. Kazi ya subira, si ya nguvu. Mkwe aliijua toka mwezi wake wa kwanza, na Bibi Pasi mwenyewe, siku alizopitiwa, aliinama na kusugua kama mtu mwingine yeyote.

Sasa siku moja Bibi Pasi alikwenda kliniki ya macho. Mkwe alikwenda shuleni kupeleka sare. Karani, ambaye hakuwa zamu, alibaki nyumbani. Mama aliporudi, nyumba ilinuka moshi na madirisha yote yalikuwa wazi. Akauliza kuna nini.

"Sijui, Mama," alisema mwanawe. "Nilikuwa nimelala. Labda ni kwa jirani."

Mama akaamini. Mtoto uliyemlea mwenyewe humuulizi mara mbili.

Jioni alikitafuta kikaango, hakukiona. Kabla hajauliza, akasikia sauti bombani. Ilikuwa ya mke wa fundi saa, jirani wa mlango wa tatu, mama ambaye mumewe anatengeneza saa na yeye anahesabu dakika za wenzake. Alikuwa amekishika kikaango kwa ncha ya vidole, kama mtu aliyeokota panya.

"Jamani, njooni mwone! Hiki si cha Bibi Pasi hiki? Kwenye pipa langu la taka! Kimefungwa gazeti kama mkate!"

Ndani kilikuwa cheusi ti, ukoko umegandia kama lami, na katikati michirizi ya mtu aliyekwangua kwa hasira akashindwa. Wanawake wakaacha ndoo zao. Bibi Pasi alishuka ngazi, mgongo umenyooka, akakipokea kikaango chake.

"Pole, Bibi," mke wa fundi saa alisema, na pole yenyewe ilikuwa na meno. "Sikulaumu wewe. Wewe tunakujua. Ila hawa mabinti wa siku hizi, mtu anaunguza halafu anatupa kwa jirani! Lakini utamlaumu vipi? Nani alimfunza? Mama mwenyewe hakuwahi kumwona."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni juu ya ngazi. Alisikia lote.

Ndani, mlango ulipofungwa, Bibi Pasi alimtazama. "Ni wewe, mwanangu?"

"Si mimi, Mama."

Alisema hivyo tu. Hakuongeza kiapo, hakulia. Akamgeukia mumewe, akamtazama kwa muda kama anayengoja kitu. Karani alikoroga chai yake.

"Mama, yasikukere," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu mwenye roho kubwa. "Atakuwa amepitiwa. Binadamu tumeumbiwa kusahau. Msamehe tu."

Mkwe akaingia chumbani.

Asubuhi Bibi Pasi aliondoka kitandani na kichwa kizito. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akatoa mkasi wake kwenye ala yake ya ngozi. Mkasi huo ulikuwa wa nguo tu. Haukukata karatasi, haukukata uzi wa gunia, na hakuna mkono ulioruhusiwa kuugusa isipokuwa wake na wa mkwe. Naye mkwe, heri angekata kitambaa kwa meno kuliko kuutumia vibaya. Bibi Pasi aliutia kwenye kitambaa. Ukatafuna. Akautazama. Ncha moja imemeguka, na pale ulipopita, juu ya weupe, ulikuwa umeacha mstari mweusi. Akausogeza puani. Yai lililoungua.

Akaketi, mkasi mkononi. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuona mkasi wa nguo na kufikiri, huu ni chuma, na kile ni chuma, basi chuma kikwangue chuma. Ni mtu ambaye kola zake zimepigwa pasi na wengine tangu azaliwe, akala mayai tangu azaliwe, na hajawahi kujua yai linafikaje kwenye sahani.

"Karani!" aliita. Hakumwita mwanangu.

Akaja, tai haijafungwa bado. Akauona mkasi mezani, akauona mstari mweusi. Uso ukambadilika.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

"Niliweka mayai. Rafiki yangu akapiga simu, tukabishana habari za mpira, lile goli la juzi, unajua, yule refa…"

"Simjui refa. Endelea."

"Nikasikia harufu. Nikakimwagia maji ya baridi, kikanirushia mafuta. Nikakwangua, hakitoki. Nikasema, kabla hamjarudi… Mama, mtu mzima kama mimi, nachekwa na ua mzima kwa ajili ya mayai? Kikaango nitanunua kingine. Kizuri zaidi."

"Kikaango utanunua," alisema Bibi Pasi. Sauti yake haikupanda, lakini karani alirudi nyuma. "Na jina la mkeo utalinunua duka gani?"

Karani akaanza kufunga tai yake.

"Wewe! Unasimama mbele ya watu na kuwaambia waseme kweli tupu! Mwizi wa kuku anakuogopa wewe! Na jana umekaa hapa, unakoroga chai, unaniambia nimsamehe. Nimsamehe! Umekuwa mkarimu, mwanangu, unagawa msamaha kwa dhambi yako mwenyewe. Mama yake yuko kaburini, ametukanwa bombani kwa mayai yako, nawe ulikuwa unasikia."

"Nimekosa, Mama. Nitamwomba radhi, sasa hivi. Tuyamalize humu humu ndani. Si ndivyo unavyotufundisha? Mlango una komeo."

Hapo Bibi Pasi alisita, na asitokee mtu wa kumlaumu kwa kusita. Miaka yote ile ya ujane alikuwa amejenga kitu kimoja tu ambacho hakishonwi kwa cherehani, nacho ni heshima ya nyumba. Amweke nje mtoto wake wa pekee, mwenye tai, achekwe na mke wa fundi saa? Watu wangesema nini? Wangesema, kumbe. Neno hilo kumbe, yeye alilichukia kuliko tusi.

Akatazama mlango wa chumba uliokuwa nusu wazi. Mkwe alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, moja moja, akizikunja vizuri.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa baba, Mama. Kidogo tu. Mpaka watu wasahau."

"Watu hawasahau," Bibi Pasi alisema. "Ukitoka na begi leo, utakuwa umeungama kosa lisilo lako. Liweke chini."

Akamrudia mwanawe. "Komeo ni la kuzuia wezi wasiingie, si la kumfungia mtu na uongo wako. Lawama ilitolewa bombani, itafutwa bombani. Chukua kikaango. Chukua magadi."

"Mama, saa hizi? Wote wako pale!"

"Ndiyo sababu."

Basi ua ule ukaona ambalo haujapata kuliona. Karani wa mahakama, mikono ya shati imekunjwa, amechuchumaa bombani kando ya jiko la mkaa, kikaango kinachemka mbele yake. Ndoo zikasimama. Watoto wakaitana.

"Shemeji, umefukuzwa kazi?" mmoja akamtania.

"Mwache, anasikiliza kesi ya kikaango!"

"Mshtakiwa anatoa povu!"

Kicheko kikazunguka ua. Bibi Pasi alisimama nyuma ya mwanawe, mikono imefumbatwa, akimngoja. Karani alikohoa, akatazama magadi yake.

"Ni mimi," alisema.

"Nyuma hawakusikia," alisema mama yake.

"Ni mimi niliyekiunguza!" Safari hii kila mlango ulisikia. "Nikakificha kwenye pipa la jirani. Mke wangu hakuwepo. Alisingiziwa, nami nikanyamaza."

Wanawake wakatazamana. Likatoka lile kumbe, tena kwa vinywa vingi. Bibi Pasi alilipokea kama mtu anayemeza dawa chungu, kidevu kiko juu.

"Haya basi, yameisha," mke wa fundi saa alisema haraka, akiinua ndoo yake. "Mambo ya mume na mke hayo. Na mimi pipa langu nilishalisafisha."

"Hayajaisha, jirani. Weka ndoo." Bibi Pasi alimwonyesha ngazi, ambako mkwe alikuwa ameshuka hadi kidato cha mwisho. "Kikaango ulikikuta, haki yako kuuliza. Lakini ulimtaja mama yake. Hilo hukulikuta kwenye pipa, ulilitoa kinywani mwako. Mwenyewe yule pale."

Mke wa fundi saa alitafuta wa kumtetea. Wenzake wote walikuwa ghafla na ndoo za kujaza. Akaivuta kanga yake, akasogea.

"Nisamehe, binti yangu. Ulimi wangu ulinitangulia. Marehemu mama yako… sikuwa na haki."

Mkwe alishuka kile kidato cha mwisho. Aliacha neno lile likae pale wote walisikie, kisha akatikisa kichwa kukubali. Akavuta kigoda, akaketi karibu na jiko, mikono mapajani, wala hakuisogeza kusaidia. Mumewe alikwangua kwa mwiko, jasho likimdondoka, akainua kikaango kumwonyesha.

Akakitazama vizuri, akakielekeza kwenye mwanga.

"Huku pembeni bado," alisema.