Maji ya Imana

Mtungi mpya ukitiwa maji mara ya kwanza hutoa harufu ya mvua iliyoanguka kwenye vumbi. Nikiisikia sokoni husimama, na wauza vyungu wa mji wetu wa Buja wameshanizoea, mteja wa kunusa tu. Ilikuwa harufu ya Bibi, mama yake Mama. Vita vilipomtoa kwao milimani, alishuka kwetu mjini, mtaa wa Buyenzi, na mtungi mmoja kichwani. Vingine vyote aliviacha.

Kila jioni aliacha maji kidogo ndani ya mtungi ule, akaufunika, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Yalikuwa ya Imana, Mungu wa wazee wake. Alitueleza kwamba Imana ni mfinyanzi: mchana kutwa hutembea nchi za watu, kukiingia giza hurudi kulala Burundi, na hapo hutafuta maji ya kulainishia udongo anaofinyangia watoto tumboni mwa mama zao. Nyumba isiyomwekea maji, kazi yake hulala. Baba, fundi cherehani na mtu wa swala tano, alitunong'oneza sisi watoto, maana mkwe hataniwi: "Mungu gani anakosa maji?" Lakini naye hakuyagusa. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane.

Basi wiki moja mabomba yalikauka, na kwa ajili ya risasi hakuna aliyethubutu kutoka na bidoni kutafuta maji. Nilikuwa na miaka minane, na kiu haina adabu. Jioni moja Bibi alipoingia kumwangalia Mama, niliinamisha mtungi nikanywa yote. Niwafiche nini? Yalikuwa matamu.

Siku nne baadaye Mama alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Alizikwa kabla ya alasiri. Wanawake waliokuja kutupa pole walisema kazi ya Mungu haina makosa, lakini mimi nilijua kosa lilikuwa la nani. Maji yalikuwa yamerudi bombani, ila koo langu liliyakataa. Midomo ikapasuka, na watu wakadhani ni huzuni.

Siku ya tatu nilimfuata Bibi uani, alikokuwa akichagua maharage.

"Bibi, ni mi nilikunywa maji ya Imana."

Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. "Yote?"

"Yote."

Alitupa kijiwe, akatupa kingine. "We unafikiri Imana anafinyanga mutoto mara moja, anamaliza? Apana. We ungali mubichi. Siku ile alikuja kwa ajili yako, maji yakawa yako."

Akachota maji, akanishikia kikombe mpaka nikakimaliza. Nilimwamini palepale, na usiku ule nikalala vizuri.

Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wazee kadhaa wa milimani. Maji ya Imana waliyajua wote. Habari ya mtoto aliye bado mbichi hakuna aliyewahi kuisikia. Bibi aliitunga palepale, akitoa vijiwe kwenye maharage.

Zamani nilidhani hadithi kama hizi ni za kutuliza watoto tu. Lakini Bibi aliiamini hadithi ya maji ya Imana kwa moyo wake wote. Katika vita vile, kuweka maji yale ndiyo kazi pekee aliyoweza kumfanyia mjukuu ambaye hajazaliwa, na aliifanya kila jioni. Kwa hiyo siku ile, kwa imani yake mwenyewe, aliyesimama mbele yake ndiye aliyemnyima mjukuu wake maji. Alijua hivyo, akaibadilisha hadithi ya babu zake ili mimi ninywe.